Neno la Kumfikishia Mwanaidi

Daktari aliponiruhusu kurudi nyumbani alinipa dawa ndani ya bahasha, akaniandikia siku ya kurudi, kisha akanipa neno la kumfikishia mke mwenzangu. Dawa nilizimaliza. Siku niliishika. Neno lile nilikaa nalo tangu kipupwe mpaka mvua za vuli, na hata leo sina hakika kama nililipeleka kwa njia iliyo sawa.

Naandika haya kwa kuwa nguvu zimerudi kidogo, na kwa kuwa najua yuko mwanamke mahali, labda hapa hapa Mkata, labda Korogwe, anayetoka damu na hajui amwambie nani. Nimesoma darasa la saba tu, shule ya kambi ya mkonge. Nina tabia ya kuandika siku zangu kwenye madaftari ambayo wanangu waliyaacha yana kurasa tupu. Mambo ya kitaalamu siyajui. Nitasema yaliyonipata, na pale nisipokuwa na hakika nitasema hivyo.

Mume wangu anaitwa Shabani. Shamba la mkonge alilokuwa akifanyia kazi lilipofungwa, alihangaika kidogo, kisha akaingia biashara ya mahindi. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara iliachiwa huru, malori yakaanza kulala Mkata kandokando ya barabara, na mtu mwenye kujua gunia zuri alipata riziki. Shabani alipata. Akaezeka nyumba yangu kwa bati, akaoa mke wa pili, Mwanaidi, binti wa Magoma, akamjengea nyumba yake ng'ambo ya uwanja wetu. Zamu zilikuwa siku mbili kwangu, mbili kwake. Sikuonewa. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu ukianza kusimulia ugonjwa kama huu watu hudhani ulikuwa na mume mbaya. Alikuwa mume wa kawaida mwenye safari nyingi.

Hedhi yangu ilikuwa imeshakoma, mwaka na zaidi. Halafu vuli moja, wakati tunapanda, damu ikarudi.

Niliteleza nikasema bombani, kwenye foleni ya maji. Wanawake wakacheka.

"Mama Zuhura umerudi usichana," jirani mmoja akasema. "Mwambie Mwanaidi ajipange."

"Ajipange nini? Akae pembeni kabisa," mwingine akadakia. "Huyu atatuzalia mwingine wa kufungia."

Nami nikacheka. Huku kwetu wanaamini kwamba mwanamke akiona damu tena baada ya kukoma, kizazi chake kimegeuka na huenda akapata mtoto wa mwisho. Niliamini kwa kuwa nilipenda kuamini. Shabani aliposikia aliniletea nyama ya mbuzi na kula jikoni kwangu hata siku isiyokuwa zamu yangu. Mwezi ule nilikuwa mtu mwenye furaha, siwezi kudanganya.

Ila nilijua kuna kitu. Damu ilizidi nikishakutana na mume wangu. Siku ambazo si za damu yalikuja maji, na maji yale yalikuwa na harufu. Nikawa nafua vitambaa vyangu alfajiri kabla Mwanaidi hajafungua mlango. Kwenye mkusanyiko nikajifunza kukaa upande ambao upepo hautapita kwangu ukaenda kwa watu. Ukijikuta unachagua pa kukaa kwa sababu ya upepo, nenda hospitali. Mimi sikwenda. Niliendelea hivyo tangu vuli mpaka kiangazi kikaisha.

Nieleze kwa nini sikumwambia mtu. Mwanamke aliyezaliwa huku ana kungwi wake, yule aliyemfunda alipovunja ungo, akamcheza ngoma, akamfundisha ya ndoa. Mambo ya chini ya nguo humwambia huyo tu, maisha yake yote, na neno la namna hiyo likiwa la kumfikia yeye, kungwi ndiye humletea. Mama mzazi hayumo. Mume ndiyo kabisa. Sisi watoto wa kambini hatukuwa na makungwi. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, mama alitoka Kigoma, jirani zetu kila mmoja na kwao. Nilivunja ungo, mama akanipa kitambaa, basi. Nilipohamia Mkata wanawake waliniuliza kungwi wangu nani, nikasema sina, wakanyamaza kwa adabu. Walinipenda, lakini hakuna aliyeniuliza tena jambo la mwili, wala mimi sikuwa na wa kumpelekea langu.

Nikaanza kumwachia Mwanaidi zamu zangu. Nilimwambia Shabani nimechoka, nenda kule. Mwanaidi hakulipokea vizuri. Nilimsikia akimwambia mtu jikoni kwake, "Bi mkubwa ananisusia mume. Anataka niombe radhi sijui kwa kosa gani." Simlaumu. Angejuaje?

Masika yalipoanza nilianguka shambani. Shabani alinibeba mgongoni hadi barabarani, nguo zake zikalowa damu yangu, akasimamisha basi la kupita Segera, tukafika Korogwe. Hakulalamika njia nzima.

Hospitali ile ina benchi refu nje ya chumba cha akina mama, na mlangoni kulikuwa na pazia tu. Nesi anauliza ndani, benchi lote linasikia.

"Uliolewa ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Mume ni huyu huyu?"

"Hapana. Wa kwanza aliondoka."

"Umezaa mara ngapi?"

"Saba. Wapo watano."

"Huyu mume ana wake wengine?"

"Mmoja."

"Na wa nje?"

"Sijui, sista. Anasafiri."

"Unatumia tumbaku?"

"Ugoro. Zamani, kambini."

Nilipotoka, mama mmoja kwenye benchi alivuta khanga yake isiniguse. Niliona kama nimevuliwa nguo barabarani. Nikajiambia kumbe ugonjwa huu ni wa watu wa tabia, na tabia yangu imesomwa hadharani. Walichukua kipande kidogo cha nyama ya kupima, tukasubiri majibu, majibu yakaja na neno kansa, ya mlango wa kizazi, na nikaandikiwa kwenda Dar es Salaam kuchomwa mionzi.

Shabani hakuja. Mahindi yalikuwa njiani na mtu wa kumwachia hakuwepo. Alinipandisha basi pale Mkata, akamwambia kondakta, "Huyu mgonjwa, mpe kiti cha mbele." Kondakta alinipa. Zuhura, binti yangu mkubwa, alikuwa na mtoto mchanga Tanga, hakuweza. Basi likaondoka mvua ikinyesha, na nikatambua sijawahi kufika mahali popote peke yangu.

Masika yote yale nayahesabu kwa mionzi. Jumatatu hadi Ijumaa unakwenda, Jumamosi na Jumapili unabaki na mwili wako. Walinichora mistari ya rangi ya zambarau tumboni na nyongani, wakasema isifutike. Unapanda kitandani, wahudumu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, na mashine inavuma. Haiumi. Kinachouma ni kwamba kila mtu ametoka. Baadaye ngozi ikawa nyeusi kama imepitishwa motoni, nywele za chini zikanyonyoka, tumbo likaharisha hata kwa uji. Mionzi ya ndani, ile ya kuingiziwa vyombo kwa chini, ndiyo ilikuwa mibaya. Nililia, na mhudumu mmoja mwanamke akanifuta machozi kwa mkono wa koti lake. Jina lake sikulijua.

Kitanda cha pili wodini alilala mama wa Kimaasai kutoka nyika za Handeni, Naserian. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani. Siku ya kwanza alinitazama muda mrefu, akauliza:

"Mume yako, ng'ombe ngapi?"

"Hana. Ana mahindi."

"Pole," akasema, na alimaanisha.

Ndiye aliyenimwagia maji mgongoni ili mistari isilowe, nami nikamfanyia hivyo hivyo. Alikuwa na wake wenza wanne, hakuna aliyekuja kumwona. Mimi nilikuwa na mmoja, naye hakuja. Tulicheka kwa hilo.

Siku tuliyoiita ya mwisho, daktari, mama wa makamo, alinikalisha akanieleza kile ambacho ningependa kuelezwa kabla ya lile benchi. Alisema ugonjwa huu huanza na kirusi, na kirusi hicho hupita kitandani. Wanawake wengi hukipata na mwili hukitoa wenyewe. Kwa wengine hubaki miaka na miaka kikila taratibu. Kuolewa mdogo, kuzaa sana, tumbaku, mwili kuwa dhaifu, mume mwenye wengine, au wewe mwenyewe kuwa na zaidi ya mume mmoja, yote hayo hukifungulia mlango. Lakini akasema pia, na hili nililiandika siku ile ile, kwamba mwanamke aliyejua mume mmoja tu maisha yake yote anaweza kukipata, na kwamba maswali ya nesi si hukumu, ni kutafuta nani yuko hatarini.

"Sasa huyo mke mwenzako," akasema. "Mwambie apimwe. Ikionekana mapema inatolewa, hata hapa hafiki."

"Akikataa?"

"Ukinyamaza utakuwa umemkatalia wewe."

Naserian naye alipewa neno hilo hilo. Nikamuuliza atasemaje kwa wenzake. Akashangaa swali langu. "Jioni, kwenye kukamua. Wote iko. Nasema." Nikaona kumbe ni rahisi.

Nilirudi Mkata wakati wa kipupwe, mwembamba, nikinuka dawa. Shabani alikuwa ameniwekea chooni kiti cha mbao chenye tundu, amekiranda vizuri kisichome, kwa kuwa alisikia kwa mtu kwamba tuliochomwa hatuwezi kuchuchumaa. Nikamshukuru. Siku ya pili nikamwambia neno la daktari, pamoja na habari ya kirusi.

"Apimwe nini? Mwanaidi haumwi."

"Hata mimi nilikuwa siumwi."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewagawia."

"Sijasema hivyo. Nilikuja kwako nimeshaolewa na mwingine. Huenda nilikuja nacho mimi."

Akanitazama. "Basi wewe ndiye umeniletea."

"Huenda. Na huenda una chako. Daktari amesema hakuna wa kujua."

"Ugonjwa gani huo usio na mwenyewe?" akasema, akatoka. Tangu siku ile akija zamu yangu hukaa kwenye kiti, akala, akaniuliza hali, akaenda kulala chumba cha mbele. Mwili wangu usingemfaa kwa vyovyote, umekuwa mkavu na umejifunga. Lakini kuna tofauti kati ya kutoweza na kutotakwa, na sijui yangu ilikuwa ipi.

Nikakumbuka Naserian. Asubuhi moja Mwanaidi alikuwa uwanjani anapepeta mahindi, watoto wanacheza karibu, nikamsogelea nikamwambia wazi, kama kule kwenye kukamua.

"Mdogo wangu, daktari amesema na wewe ukapimwe kizazi. Kirusi hiki tunaweza kuwa nacho wote."

Ungo ukasimama. "Bi mkubwa," akasema polepole, "umeshindwa kunitoa kwa maneno, sasa unanitoa kwa ugonjwa?"

"Nakutakia heri."

"Heri gani ya kunitangazia ugonjwa wa uchi mbele ya watoto? Kansa yako ni yako. Usinigawie kama futari."

Siku hiyo hiyo alitenga vikombe vyake. Uwanja ule si mpana, lakini kuanzia hapo nilikaa upande wangu kama niko nchi nyingine. Nilijiuliza usiku na mchana kama nia yangu ilikuwa safi. Labda nilitaka mwenzangu wa kuumwa naye. Mwisho niliona kwamba hata kama nia yangu ilikuwa na doa, kipimo kingebaki kuwa kipimo. Kilichonitia hofu zaidi ni kamba yake ya kuanikia. Vitambaa vilikuwa vinakaa pale siku nyingi kuliko siku za hedhi.

Vuli ilipoanza nilikwenda Korogwe kuonwa, na badala ya kurudi nyumbani nikapanda pikapu ya Magoma, nimekalia mto kwa sababu ya mifupa, kumtafuta kungwi wa Mwanaidi. Anaitwa Bi Mwanjaa. Nilimkuta kibarazani anapukuchua kunde.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Mke mwenzake Mwanaidi, wa Mkata."

"Bi mkubwa mwenyewe. Umekuja kunishtakia mwanangu?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kukuomba umfikishie neno. Nililipeleka mwenyewe likaharibika."

"Ulilisemea wapi?"

"Uwanjani. Alikuwa anapepeta."

"Mchana?"

"Asubuhi. Na watoto walikuwepo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe ulichezwa wapi?"

"Sikuchezwa. Ni mtoto wa kambini."

"Basi hujakosa wewe. Wamekosa waliokuzaa."

"Walikuwa wanakata mkonge, bibi. Hawakuwa na nafasi."

Akaacha kucheka. Akaniingiza ndani, akafunga mlango, akaniambia nianze mwanzo nisiruke kitu. Nilisema yote, ya bombani, ya vitambaa, ya zamu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumwambia mwanamke mwenzangu mambo hayo, na kati yetu na watu kuna mlango, si pazia. Mikono yake iliendelea na kunde.

"Na harufu?" akauliza.

"Ilikuwepo. Kama maji ya nyama yaliyosahauliwa."

Kunde zikasimama. "Hiyo naijua," akasema. Kisha akaongeza akitazama ukuta, "Wanawali wangu wameniletea hilo. Nikawaambia kizazi kinageuka, nikawapa mizizi ya kujifukiza. Mmoja nilimwosha mwenyewe alipokufa. Harufu ilikuwa hiyo."

"Hukujua, bibi."

"Sikukuuliza kama nilijua." Akainua macho. "Mwanaidi anatoka damu?"

"Hatusemeshani. Nimeona kamba yake tu."

"Nionyeshe walipokuchoma."

Nikamwonyesha. Aliigusa ngozi ile nyeusi kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha akanifunga khanga yangu mwenyewe, kama unavyomfunga binti. "Nenda kwako," akasema. "Nitakalomwambia ni langu na yeye. Usiniulize."

Nilisubiri. Mvua zilinyesha, mahindi yakafika magotini, Bi Mwanjaa hakuonekana. Nikadhani nimeharibu mara ya pili. Halafu jioni moja alishuka kwenye basi na kikapu chake, akapita mlangoni kwangu, nikamwamkia, akaitikia bila kusimama, akaingia kwa Mwanaidi. Mlango ukafungwa. Shabani akafukuzwa kule, akaja kukaa kwangu.

"Wanasema nini?"

"Sijui."

"Wewe unajua."

"Kwa kweli sijui, Baba Zuhura." Na ilikuwa kweli. Tulikaa sote wawili tukiutazama mlango ule kama watu waliofungiwa nje.

Asubuhi Bi Mwanjaa aliondoka. Mwanaidi hakunisemesha. Vikombe vilibaki vimetengwa.

Nitasema matokeo sasa, ili anayesoma asikae roho juu. Mwanaidi alipimwa. Alikuwa na kidonda kidogo ambacho bado hakijawa kansa, akapelekwa Tanga wakakitoa, na mpaka leo anapimwa na yuko salama. Bi Mwanjaa, nasikia, siku hizi mwanamke akimjia na habari ya kutoka damu anamfungisha safari ya Korogwe siku hiyo hiyo. Hilo sikuliona kwa macho, nimeambiwa.

Nilichoona kwa macho ni hiki. Ilikuwa siku yangu ya kuonwa, vuli ikielekea kuisha. Nimekaa kwenye lile benchi, nikamwona Mwanaidi anaingia na Bi Mwanjaa. Hakunijulisha kwamba anakuja, na tulikuwa tumepanda mabasi mawili tofauti kutoka uwanja mmoja. Akakaa mwisho kabisa wa benchi. Wakamwita kabla yangu. Pazia lilikuwa lile lile na nesi yule yule, na sote tukasikia.

"Uliolewa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Mume ana wake wengine?"

"Yupo mkubwa wangu."

"Nani amekushauri uje kupima?"

Nilijua hatamtaja kungwi wake. Kungwi hatajwi mbele ya watu. Nikangoja aseme amekuja mwenyewe, lingekuwa jibu zuri na la heshima.

"Bi mkubwa," Mwanaidi akasema. "Yuko hapo nje kwenye benchi."

Nesi alifurahi. "Kumbe mmepatana."

"Hapana," akasema Mwanaidi. "Lakini aliniambia."

Benchi zima likanigeukia. Sikujua pa kuweka mikono, nikalitazama lile pazia mpaka waliponiita.